Maziwa, Mikunde au Molasi: Kuchagua Kazi ya Utafiti wa Uchachushaji wa Bakteria Kati ya Nakuru na Kisumu

Mhitimu wa mikrobiolojia, biokemia au sayansi ya chakula ambaye angependa kufanya kazi katika ukanda huu wa Nakuru hadi Kisumu, badala ya kuhamia Nairobi ili tu aitwe mtafiti, ana milango mitatu ya kweli ya kuingilia katika uchachushaji wa bakteria: viwanda vya maziwa, utengenezaji wa rizobia (bakteria wanaoisaidia mikunde kujipatia nitrojeni) za kupakia mbegu, na viwanda vya ukanda wa miwa vinavyogeuza molasi kuwa spiriti na hamira. Matangazo ya nafasi hizi huandikwa kwa maneno yanayofanana mno, hata msomaji akadhani kwamba ni kazi moja iliyogawanywa kwenye anwani tatu. Sivyo ilivyo. Kinachozitenganisha ni jambo ambalo waombaji wengi hawaliulizi wanapoitwa kwenye usaili, yaani bakteria wenyewe wanatoka wapi, na ni nani anayewalea. Kwenye maziwa hununuliwa wakiwa tayari. Kwenye rizobia hulelewa papa hapa tangu kwenye chupa ndogo ya maabara. Kwenye molasi ni adui katika tangi la kwanza na kibarua katika tangi la mwisho. Mambo mengine yote, kuanzia ujuzi utakaoupata hadi usingizi utakaoupoteza, yanafuata hapo.

Maziwa ndiyo mlango mpana kuliko yote. Ng'ombe wa Njoro, Molo, Rongai na Bahati hulisha vyama vya ushirika na viwanda vya kila ukubwa, vikiwemo vya wastani kama Happy Cow ya Nakuru, na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kimefundisha sayansi ya maziwa kwa miongo mingi, kwa hiyo anayeingia huku hakosi mkubwa wa kumuuliza. Kazi ya kila siku inajulikana vizuri. Yogati hutengenezwa na bakteria wawili wanaosaidiana, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, katika joto la nyuzi 42 hadi 45 za selsiasi, kwa saa nne hadi sita, mpaka pH ya maziwa ishuke kukaribia 4.6 na protini ya kasini igande. Mala hutegemea zaidi jamii ya Lactococcus, ambao hupendelea joto la nyuzi 20 hadi 25 na huachwa wafanye kazi yao usiku kucha. Ukikosea leo asubuhi utajua leo jioni, na kesho utajaribu tena. Hakuna shule ya uchachushaji inayofundisha haraka kuliko hii.

Hata hivyo, ni lazima kusema waziwazi utafiti unaofanyika hapo ni wa kitu gani. Kalcha za kiwandani, yaani bakteria wa kuanzishia uchachushaji, huja katika pakiti, zikiwa zimekaushwa kwa kugandishwa, na sehemu kubwa hutoka kwa makampuni machache ya ng'ambo kama Chr. Hansen ya Denmaki, ambayo mwezi wa Januari 2024 iliungana na Novozymes na kuwa Novonesis. Nasaba za bakteria hao, yaani koo mahususi ndani ya aina moja, zilichaguliwa, zikapimwa na kuhifadhiwa huko. Mwanasayansi wa Nakuru hapewi nafasi ya kuchunguza bakteria kwa undani. Anachunguza maziwa, bidhaa na soko: kwa nini yogati hutoa maji juu ikikaa kwenye duka lenye friji dhaifu, ni kiasi gani cha sukari kinaweza kupunguzwa bila mteja kulalamika, kalcha ya bei nafuu itatoa uzito uleule au itakuwa telezi. Kwa mtu anayependa bidhaa, hiyo ni kazi nzuri na yenye heshima. Kwa mtu aliyeandika tasnifu juu ya jeni za bakteria na anayetarajia kuendelea nazo, ni kazi itakayomchosha ndani ya mwaka mmoja.

Adui wawili wa kazi hii wanastahili kutajwa kwa sababu ndio watakaokula muda wako mwingi. Wa kwanza ni mabaki ya dawa za antibayotiki. Mfugaji hutibu ugonjwa wa kiwele siku ya Jumatatu, hangoji siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, na Jumatano maziwa yake yamo ndani ya tangi la chama. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kwa benzilipenisilini katika maziwa ni mikrogramu 4 tu kwa kilo, na Streptococcus thermophilus ni mwepesi sana kudhurika na dawa hiyo, kwa hiyo tangi zima linaweza kugoma kuganda wakati kalcha, joto na mashine vyote viko sawa. Adui wa pili ni faji, virusi vinavyowashambulia bakteria. Watafiti wa New Zealand, Whitehead na Cox, walionyesha mwaka 1935 kwamba ndivyo vilivyokuwa vikiangusha kalcha za viwanda vya jibini, na mpaka leo dawa ya kwanza ni ileile ya kubadilisha kalcha kwa zamu na kusafisha bila huruma. Anayeidharau yogati akiiona sayansi ndogo na akumbuke kwamba ni katika kuchunguza kinga ya Streptococcus thermophilus dhidi ya faji ndipo wanasayansi wa kampuni ya Danisco walipothibitisha, mwaka 2007, kazi ya mfumo wa CRISPR, ambao sasa hutumiwa kuhariri jeni, ndani ya bakteria. Lakini walikuwa na hazina ya nasaba zao wenyewe, na hapo ndipo tunaporudi kwenye hoja ya mwanzo.

Upande wa maziwa unao uchochoro mmoja ambapo bakteria ni wetu, nao ni mursik. Maziwa haya ya Wakalenjin huchachuka ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, na tafiti za vyakula vya namna hii hapa Kenya zimekuwa zikimkuta mara nyingi bakteria aliyeitwa Lactobacillus plantarum, ambaye tangu mwaka 2020, jenasi ya Lactobacillus ilipogawanywa katika jenasi 25, anaitwa Lactiplantibacillus. Kuchukua nasaba kutoka kwenye kibuyu na kuipeleka kwenye tangi la chuma ni utafiti wa kuvutia na mgumu, kwa kuwa kibuyu hubeba mchanganyiko wa bakteria na hamira ambao hauigiki kwa nasaba moja au mbili. Kwa sasa, hata hivyo, hiyo ni kazi ya vyuo vikuu zaidi kuliko ya viwanda. Anayeitaka ajiandae kuomba ruzuku, si mshahara.

Mlango wa rizobia ni mwembamba, na ndio ninaoupendekeza kwa anayetaka kuwa mwanasayansi wa bakteria kwa maana kamili ya neno. Hapa Nakuru, kampuni ya MEA hutengeneza Biofix kwa leseni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako MIRCEN, kituo cha utafiti wa vijidudu, ndicho kilichoianzisha kazi hiyo. Ni unga mweusi wenye bakteria hai ambao mkulima huupakia kwenye mbegu za soya, maharagwe au mikunde mingine kabla ya kupanda, ili mizizi ifanye vinundu na mmea ujipatie nitrojeni kutoka hewani. Jambo la kupendeza ni kwamba unga wenyewe unatokana na tope la viwanda vya sukari, lile linalobaki baada ya maji ya miwa kuchujwa, kwa hiyo mashamba ya miwa yana mkono wao hata katika bidhaa hii ya Nakuru.

Hapa bakteria wanalelewa. Unaanza na nasaba iliyohifadhiwa, kwa mfano USDA 110 kwa soya au CIAT 899 kwa maharagwe. Unaiotesha kwenye sahani yenye manitoli na dondoo ya hamira. Unaihamishia kwenye chupa inayotikiswa kwa joto la nyuzi 28, kisha kwenye fementa (tangi la kuchachushia) ndogo, kisha kwenye kubwa, na kila hatua unahakikisha kwamba aliyemo ndani ndiye uliyemtia. Ugumu wa kazi uko hapo. Bakteria wa yogati hujilinda wenyewe, kwa maana katika saa chache wameshatia maziwa ukali ambao wavamizi wengi hawauwezi. Kosa dogo la usafi husamehewa. Rizobia hawana silaha hiyo. Bradyrhizobium wa soya huhitaji saa nyingi kujigawa mara moja tu, na siku tano hadi saba au zaidi kufikia wingi unaotakiwa, ilhali bakteria wa vumbi anaweza kujigawa kila nusu saa. Mvamizi mmoja aliyepita kwenye vali iliyolegea siku ya kwanza atakuwa ndiye mwenye nyumba siku ya tatu. Mtu aliyefanya kazi ya rizobia kwa miaka miwili na tangi zake zikatoka safi anaweza kuajiriwa kwenye uchachushaji wa aina yoyote. Sioni kwamba kauli hiyo inaweza kugeuzwa ikabaki kweli kwa aliyekaa miaka miwili kwenye yogati.

Baada ya fementa bado kuna nusu ya kazi. Bakteria huchanganywa na unga uliotakaswa, huachwa waizoee nyumba mpya, kisha huhesabiwa. Kiwango kinacholengwa kwa bidhaa mpya ya unga ni takriban bakteria bilioni moja kwa gramu, na kwa mbegu kubwa kama soya hutakiwa wafike angalau laki moja hadi milioni moja juu ya kila mbegu. Wanakufa polepole kila siku inayopita, na haraka zaidi pakiti ikiwekwa juani kwenye agroveti ya Busia au Mumias, kwa hiyo utafiti mwingi wenye maana hapa si wa kuongeza wingi ndani ya tangi bali wa kurefusha maisha nje ya tangi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mafanikio ni grafu inayopanda atalazimika kujifunza kuipenda grafu inayoshuka taratibu.

Kasoro kubwa ya mlango huu ni mwendo wa jibu. Maabara inaweza kukuambia baada ya juma moja kwamba bakteria wako hai. Shamba litakuambia baada ya miezi mitatu au minne kama walifanya kazi. Na shamba lina sababu zake. Udongo wa sehemu nyingi za magharibi ni wa asidi na umepungukiwa na fosforasi, na pasipo fosforasi vinundu havijengeki hata rizobia wawe wengi kiasi gani. Maharagwe yana tabia ya kushirikiana na rizobia wowote waliomo udongoni, wakiwemo wavivu, kwa hiyo nasaba yako bora inaweza kushindwa na wenyeji wengi wasio na faida. Soya za aina kama SB19, iliyosambazwa sana magharibi mwa Kenya, nayo hukubali baadhi ya wenyeji. Utachimba mizizi Butere, utapasua vinundu kwa ukucha kutafuta wekundu unaoonyesha kwamba nitrojeni inafungwa, na bado hutaweza kusema kwa hakika kama sifa ni ya pakiti yako au ya mvua. Kwa bahati nzuri magharibi kuna misimu miwili, ya mvua ndefu na ya mvua fupi, hivyo unapata majibu mara mbili kwa mwaka. Soko nalo ni la msimu: kabla ya Machi kuna pilikapilika za usiku na mchana, na katikati ya mwaka kunatulia.

Kuna pia suala la sifa ya bidhaa zote za aina hii. Mradi wa COMPRO, uliopima mbolea hai na bidhaa nyingine za kibiashara nchini Kenya, Ethiopia na Nigeria kuanzia 2009, uligundua kwamba nyingi hazikuwa na faida iliyodaiwa, na kwamba rizobia za soya zilikuwa miongoni mwa chache zilizosimama. Mkulima aliyedanganywa na pakiti moja haitofautishi na nyingine, na mwanasayansi wa rizobia hutumia sehemu ya muda wake kueleza, kwa subira, kwamba yake si ile.

Kuhusu molasi nitakuwa mfupi zaidi, kwa sababu kwa kiasi fulani tangazo la kazi hiyo hupotosha. Muhoroni iko kampuni ya Agro-Chemical and Food, iliyoanzishwa mwaka 1978, na Kisumu penyewe kuna kiwanda cha molasi. Vyote vinategemea hamira, Saccharomyces cerevisiae, ambayo ni kuvu wala si bakteria. Bakteria wa laktiki huingia pamoja na molasi, na kila gramu ya asidi wanayotengeneza ni sukari ambayo haitakuwa spiriti. Mwanasayansi wa bakteria huajiriwa hapo kama mlinzi wa mlango, wa kupima asidi, kurekebisha pH na kutafuta bomba lenye pembe isiyosafishika.

Ila kwenye tangi la mwisho kuna kazi ya hali ya juu ambayo wahitimu huipuuza kwa sababu ya harufu. Kila lita moja ya spiriti huacha lita 10 hadi 15 za maji machafu ya kahawia, yenye mahitaji ya kikemikali ya oksijeni yanayohesabiwa kwa makumi ya maelfu ya miligramu kwa lita, wakati Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 50 kwa maji yanayoachiliwa kwenye mazingira. Muhoroni iko katika bonde la mto Nyando, na Nyando huenda Ziwa Victoria, kwa hiyo pengo hilo haliwezi kufichwa. Wanaoliziba ni bakteria na akea (vijidudu vingine vinavyofanana na bakteria) wanaoishi pasipo hewa, kundi moja likivunja, jingine likitia asidi, la mwisho likitoa gesi ya methani inayoweza kurudishwa kwenye boila. Hakuna nasaba safi hapa. Kuna jamii nzima ambayo ukiilisha haraka kupita kiasi inajitia asidi na kufa, na kuifufua huchukua wiki nyingi. Anayependa hesabu, vipimo vya mfululizo na uhandisi atafurahi kuliko atakavyofurahi Nakuru. Hatari yake ni malighafi: mwaka 2023 usagaji wa miwa ulisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa kukosekana kwa miwa iliyokomaa, na pasipo miwa hakuna molasi.

Mahali penyewe pana sauti katika kazi hii kuliko vitabu vinavyokiri. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, Kisumu mita 1,130 hivi. Vitabu husema otoklevu, chungu cha mvuke cha kutakasia vifaa, ifike pauni 15 kwa inchi ya mraba ili ipate nyuzi 121. Hiyo ni kweli pwani, lakini kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, geji inapaswa kusoma karibu pauni 17 Kisumu na 18 Nakuru ili joto liwe lilelile. Mwenye otoklevu ya zamani isiyo na kipimajoto akifuata kitabu, unga wa rizobia hautatakasika vizuri, na atatafuta mchawi kwenye fementa. Vilevile kanieneo ya hewa ya Nakuru ni takriban nne kwa tano ya ile ya pwani, kwa hiyo oksijeni inayoyeyuka kwenye tangi hupungua kwa kiasi kama hicho. Rizobia wanaihitaji na kichanganyio lazima kiongezewe mwendo, wakati bakteria wa yogati hawajali hata kidogo. Kisumu shida hugeuka: hamira inayochacha hutoa joto jingi, na maji ya kupoozea yanayotoka kwenye bomba tayari yana uvuguvugu.

Wapo watakaouliza kuhusu maziwa ya magadi, yaani Ziwa Nakuru, Ziwa Elmenteita na hasa Ziwa Bogoria, ambako bakteria wanaishi katika maji yenye pH ya karibu 10. Ni kweli kwamba vimeng'enya kutoka kwa viumbe wa Bogoria vilifika kwenye viwanda vya ng'ambo vya kufulia nguo za denimu, kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilidai haki ya nchi hadharani, na kwamba mwaka 2007 lilitia saini makubaliano na Novozymes. Kama somo la shahada ya uzamili, sijui lililo bora karibu nasi. Kama ajira ya kiwandani ukanda huu, usiliwekee matumaini ya kodi ya nyumba.

Kwa hiyo, mwenye familia inayomtegemea, anayetaka nafasi nyingi na jibu la haraka, aanze na maziwa, lakini aombe tangu mwanzo kuhusishwa na majaribio ya bidhaa mpya, maana ni rahisi mno kugeuzwa mpima pH wa zamu ya usiku na kuachwa hapo. Mwenye subira na mikono safi, na asiyeona aibu kukanyaga tope la Bungoma baada ya miaka minne ya maabara, aende kwenye rizobia hata kama mshahara wa mwanzo ni mdogo kuliko wa jirani yake. Mwenye kichwa cha hesabu asikimbie harufu ya Muhoroni. Kuanza kwenye maziwa na kuhamia rizobia baadaye kunawezekana, ila kuna mazoea ya usafi utakayolazimika kuyajenga upya. Kutoka rizobia kwenda maziwa, utakachojifunza upya ni ladha tu.

Popote utakapoitwa, iwe kwa ajira au kwa atachimenti, omba kuonyeshwa mambo matatu kabla ya kutia saini. Kwanza, mahali nasaba zinapohifadhiwa, na kinachotokea stima inapopotea: friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyo na jenereta ni kabati tu. Pili, daftari la matangi yaliyoharibika. Mahali pasipo na daftari hilo, au palipo na daftari lisilo na hata tangi moja lililomwagwa, hapafanyi utafiti. Tatu, kipengele cha mkataba kinachosema nasaba utakayoitenga itakuwa ya nani, kwa kuwa sheria za mazingira za 2006 zinataka kibali cha kuchukua rasilimali za kijenetiki, utafiti wenyewe unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na mwajiri asiyejua nani alimpa ruhusa ya kuchukua bakteria kutoka kwenye kibuyu cha mama wa Kericho au kwenye mzizi wa shamba la mtu huko Teso hawezi kukulinda siku mwenye kibuyu au shamba atakapouliza.